Maji ya Sabuni Yana Kazi ya Pili

Mtu aogaye baharini, akatoka na kukauka juani bila ya kujisuza kwa maji baridi, huona weupe wa chumvi umemganda mwilini. Weupe huo kwa Kiswahili huitwa chunyu, na maji yenye chumvichumvi huitwa maji ya chunyu. Chunyu ni jina pia la kata moja ya Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, mahali palipo mbali na bahari. Jambo tunalotaka kulieleza hapa, yaani kuyatumia mara ya pili maji ya kuogea na kufulia katika nyumba wanamokaa watu wengi pamoja, kwa nchi ya Ruangwa na jirani yake Nachingwea litafaulu au litashindwa kwa sababu ya chumvi. Tutaona kwa nini.

Mvua za sehemu hizo ni za msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba na hukoma Aprili au mwanzo wa Mei. Baada ya hapo ardhi hukaa kavu kwa muda wa nusu mwaka au zaidi. Mikorosho huvumilia ukame huo, na hata hutoa maua na matunda yake wakati wa kiangazi, lakini bustani ya shule, mche mchanga na mgomba havivumilii. Mji wa Nachingwea hupata maji ya bomba kutoka chemchemi za Mbwinji, zilizoko wilayani Masasi. Vijiji vingi vya mikoa ya Lindi na Mtwara vilianza kupata visima vya pampu za mkono katika mradi uliosaidiwa na Ufini tangu miaka ya 1970. Hata hivyo, mwanafunzi wa bweni aliyewahi kubeba ndoo kichwani mwezi wa Oktoba hahitaji kuelezwa thamani ya maji. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na njia ya kisimani haipungui kwa sababu mbebaji amechoka.

Katika miaka ya 1960 Gilbert White, Anne White na David Bradley walipita katika miji na vijiji vya Kenya, Uganda na Tanzania wakipima maji yanayotumiwa nyumbani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1972. Waliona kuwa mtu anayechota maji mbali hutumia kiasi cha lita 11 hivi kwa siku, ilhali mwenye bomba ndani ya nyumba hutumia lita zaidi ya 100. Watafiti wengine waliporudi katika mahali pale pale mwishoni mwa miaka ya 1990, walikuta matumizi ya wenye mabomba yameshuka hadi karibu nusu, kwa kuwa mabomba yenyewe yalikuwa hayatoi maji kila siku. Kumbe bomba peke yake si dawa ya kiu. Mtu mwenye lita 20 tu kwa siku hana budi kuziuliza zile zinazotiririka uani: je, kazi yenu imekwisha?

Maji ya namna gani?

Maji yanayotoka nyumbani ni ya aina mbili. Yako yatokayo chooni, yenye kinyesi na mkojo. Hayo hatuyagusi katika makala haya. Na yako yatokayo bafuni, penye beseni la kufulia na penye kunawia. Hayo wataalamu siku hizi huyaita maji ya kijivu, kwa kufuata rangi yake yakikaa kidogo. Sisi tutayaita maji ya sabuni, kwa kuwa ndivyo kila mtu ayajuavyo. Maji ya kuoshea vyombo yako katikati: yana mafuta na mabaki ya chakula, nayo hutaabisha kuliko yote.

Tupige hesabu ya bweni moja. Wanafunzi ni 80, na kila mmoja hupata lita 20 kwa siku. Tukitoa maji ya kunywa, ya kupikia na ya chooni, na tukiweka lita 12 kwa kila mwanafunzi kwa kuoga, kunawa na kufua, bweni hilo humwaga lita 960 kwa siku, yaani ndoo 48. Tukihesabu siku 140 za masomo katika kiangazi, jumla ni lita 134,400. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi swali hili kwa takwimu za shule yao wenyewe: ndoo moja, saa moja ya ukutani, na mwanafunzi wa zamu mlangoni mwa bafu kwa siku saba vyatosha kabisa.

Maji hayo aghalabu huishia wapi? Hutiririka nyuma ya jengo, yakafanya dimbwi. Dimbwi lenye sabuni na uchafu ndilo makao anayoyapenda mbu aina ya Culex, ambaye tofauti na mbu wa malaria hahitaji maji safi. Yai lake huwa mbu kamili kwa muda wa siku kumi hivi. Mbu huyo ni mmoja wa wale wanaoeneza vijidudu vya matende na mabusha, ugonjwa uliowatesa watu wa pwani yetu kwa vizazi vingi, na mkoa wa Lindi haukusalimika. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walitia punje nyepesi za plastiki zinazoelea katika vyoo vya shimo vilivyojaa maji, ili mbu wasipate pa kutagia, na wakati huohuo wananchi wakapewa dawa. Mbu walipungua sana na ugonjwa ukarudi nyuma. Basi dimbwi la nyuma ya bweni si jambo la kuudhi macho tu. Yeyote atakayetaka kuyatumia maji ya sabuni, na aanze na sharti hili: yasionekane juu ya ardhi hata kidogo.

Mgomba wa uani

Wazee wetu hawakungoja wataalamu. Katika nyumba nyingi za pwani, na huko bara vilevile, nyuma ya bafu la makuti hupandwa mgomba, mpapai au miwa. Maji ya kuogea hupita chini ya ukuta, yakaingia penye shina, na mgomba huo husitawi hata Septemba, wakati majani mengine yote yamekuwa rangi ya vumbi. Hiyo ni sayansi iliyokamilika kwa familia moja. Udongo huchuja uchafu, bakteria wa udongo huula, na mizizi hunywa maji pamoja na naitrojeni na fosforasi zilizomo.

Taabu huanza watu wanapokuwa wengi. Nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua mmoja nyuma, yenye wapangaji 20 au 25, humwaga maji ambayo mgomba mmoja hauwezi kuyanywa. Bweni la watu 80 ni zaidi. Hapo ndipo pahitajipo hesabu, na hapo ndipo chumvi inapojitokeza.

Sabuni ni nini? Ni mafuta yaliyochemshwa na kostiki, na kostiki hiyo ni ya sodiamu. Sabuni ya unga huongezewa magadi, ambayo nayo ni ya sodiamu. Kila tunapofua tunamwaga sodiamu uani. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, na kwa kawaida hushikana kwa msaada wa kalisiamu na magnesiamu, zilizo kama saruji baina yao. Sodiamu ikizidi huzifukuza kalisiamu na magnesiamu na kukaa mahali pao, lakini haiwezi kazi yao. Chembe huachana, hujaza vijitundu vya udongo, na ardhi hufanya ngozi ngumu isiyopitisha maji. Dimbwi hurudi, safari hii juu ya bustani.

Hatari hiyo hupimwa kwa kulinganisha sodiamu na wenzake. Huchukuliwa milimoli za sodiamu katika lita moja, zikagawanywa kwa kipeuo cha pili cha jumla ya milimoli za kalisiamu na magnesiamu. Tuseme maji ya kufulia yana milimoli 10 za sodiamu, 1 ya kalisiamu na 1 ya magnesiamu. Kipeuo cha pili cha 2 ni 1.41, na 10 kwa 1.41 ni kama 7. Kwa miongozo ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kipimo kilicho chini ya 3 hakidhuru mimea, na kilicho juu ya 9 kinadhuru sana. Saba ni ya kuangalia kwa makini. Dalili yake mgomba huionyesha mapema, kwa kuwa mgomba hauvumilii chumvi: kingo za majani hukauka kama zilizounguzwa. Mnazi huvumilia zaidi.

Aina ya udongo nayo ina neno. Udongo mwekundu hustahimili sodiamu kuliko ule mweusi wa mbugani unaopasuka wakati wa jua. Nachingwea ina historia yake ya watu wasiouuliza udongo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli ya kuja Nachingwea vilijengwa kwa ajili yake. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya hasara ya mamilioni ya pauni, kwa kuwa mvua na udongo havikupimwa sawasawa kabla ya matrekta kushushwa. Reli yenyewe iling'olewa baadaye. Sisi tunazungumza juu ya bustani ya migomba tu, lakini utaratibu wa kupima kwanza ni uleule.

Iko pia sabuni isiyo na kosa hilo. Sabuni ya kienyeji iliyopikwa kwa maji ya majivu ni ya potasiamu, si ya sodiamu, na potasiamu ni chakula cha mgomba. Ni laini, haikauki ikawa mche, na si kila mtu anaijua kuipika. Hata hivyo klabu ya sayansi inaweza kuijaribu bila ya gharama kubwa.

Kitanda cha kokoto

Maji ya sabuni, ingawa hayakutoka chooni, yana vijidudu vya tumboni, hasa pale nepi za watoto zinapofuliwa. Yakihifadhiwa katika pipa, bakteria huyamaliza hewa ya oksijeni, na baada ya siku moja au mbili hunuka kama mayai yaliyooza. Kwa hiyo maji ya sabuni hayawekwi akiba. Hutumika siku ileile, hupitishwa chini ya udongo, wala hayanyunyizwi kwa debe la bustani. Hayapelekwi penye nyanya, vitunguu, karoti na vyote viliwavyo vibichi. Mti wenye tunda lililo juu, kama vile mgomba, mpapai, mwembe au mche wa mkorosho, ndio unaofaa. Maji ya kwanza ya nepi humwagwa chooni, na maji yenye dawa ya kutoa madoa vilevile, maana dawa hiyo huua bakteria tunaowategemea.

Palipo na maji mengi, hupitishwa kwanza katika kitanda cha kokoto kilichopandwa matete. Mwalimu wa fani hii ni mwanamke wa Kijerumani, Käthe Seidel, aliyeanza katika miaka ya 1950 kuonyesha kwamba mimea ya kinamasi husafisha maji machafu. Wenzake wengi hawakumwamini. Katika Afrika ya Mashariki kinamasi cha kutengenezwa kilijengwa Nairobi mwaka 1994 kwa ajili ya maji machafu ya mkahawa mmoja mkubwa, na tangu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Jamidu Katima, Karoli Njau na Tolly Mbwette, walifanya utafiti wa muda mrefu juu ya jambo hili kwa kutumia mimea ya nchini. Kitanda kimoja kilijengwa katika Chuo cha Ualimu Kleruu, Iringa. Hiyo ni nyumba ya watu wengi kwa maana yetu hasa.

Tuendelee na bweni letu la lita 960. Kwanza maji huingia katika pipa la kunasa mafuta, lenye ujazo wa lita 200. Bomba la kuingilia na la kutokea huishia chini ya uso wa maji, ili mafuta yanayoelea yabaki ndani na mchanga utulie chini. Kutoka hapo maji huingia katika kitanda, na tunataka yakae humo siku 3. Siku 3 ni lita 2,880. Kokoto zenyewe huacha nafasi ya kiasi cha 4 katika 10, basi ujazo wote wa kitanda ni lita 7,200. Kina kikiwa sentimeta 60, eneo lake ni meta 12 za mraba: urefu meta 6, upana meta 2. Chini huwekwa karatasi nzito ya plastiki au udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na uso wa maji hukaa sentimeta 5 au 10 chini ya uso wa kokoto. Hapo mbu hana lake.

Kazi kubwa hufanywa na bakteria waliojishika juu ya kokoto, si na matete. Matete huleta hewa kidogo kwa mizizi yake, hufungua njia, na hufanya bakteria wawe wengi. Tukichukua kwa mfano kwamba kila siku moja huondoa sehemu 4 katika 10 za uchafu uliobaki, baada ya siku 3 utabaki 0.6 mara 0.6 mara 0.6, yaani 0.216, au kama moja ya tano. Siku ya nne ingetuongezea faida ndogo kwa gharama ya theluthi nzima ya kokoto. Hayo wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuyachora katika karatasi ya grafu.

Katika kiangazi mimea na ardhi hutoa mvuke wa kiasi cha milimeta 5 kwa siku. Kitanda cha meta 12 za mraba kitapoteza lita 60, na tutabaki na 900. Zikigawanywa kwa lita 5 kwa kila meta ya mraba, zatosha kwa meta 180 za mraba. Mgomba uliopandwa kwa nafasi ya meta 3 kwa 3 huchukua meta 9 za mraba, basi ni migomba 20. Maji hufikishwa kwa mifereji iliyojazwa majani makavu na kufunikwa. Kitanda hakitoi sodiamu hata kidogo: kiingiacho ndicho kitokacho, na zaidi, kwa kuwa maji yamepungua na chumvi haikupungua. Wako watu wanaodhani kuwa maji yakitoka meupe yameponywa kila kitu. La hasha.

Majengo ya ghorofa ni habari nyingine. Huko bomba la bafuni na la choo aghalabu hukutana ukutani, na kuyatenga baada ya jengo kwisha ni gharama ya kuvunja. Mji wa Fukuoka, Japani, ulipopigwa na ukame mkali mwaka 1978, ulianza kusafisha maji machafu na kuyarudisha katika majengo makubwa kwa bomba lake peke yake, kwa ajili ya kusukumia vyoo. Windhoek, Namibia, imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1968 husafisha maji machafu hadi yawe ya kunywa, lakini kwa mitambo na maabara yasiyo kipimo cha shule. Kwetu itoshe kusema kwamba anayechora ramani ya bweni jipya achore mabomba mawili tangu mwanzo.

Nani atasafisha pipa?

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupanga chumba katika nyumba ya familia saba, ambamo fundi mmoja alitengeneza pipa la mafuta na mfereji wa migomba kwa ustadi kabisa. Wiki ya kwanza kila mtu alikuja kutazama. Wiki ya sita pipa lilikuwa limeziba kwa ugali na mafuta, wapangaji wakakorofishana juu ya nani alimwaga makombo, na asubuhi moja mtu akatoboa tundu pembeni ili maji yapite. Dimbwi likarudi mahali pake pa zamani, na ndizi za mwaka ule hatukuzila. Hapakuwa na kosa katika hesabu ya fundi, ila hakuhesabu watu. Pipa la wote lilikuwa si la mtu.

Bweni lina bahati kuliko nyumba ya kupanga, maana lina zamu. Jumamosi wanafunzi wawili huengua mafuta kwa kopo na kuyafukia. Kila baada ya miezi mitatu mchanga wa chini ya pipa huzolewa. Matete hukatwa mara moja au mbili kwa mwaka na kuezekea banda. Chujio la wavu penye tundu la bafu husafishwa kila siku, kwa kuwa nywele na nyuzi za nguo huziba kokoto kuliko uchafu mwingine. Katika nyumba ya wapangaji, njia iliyo bora pengine ni kuziachia migomba wale wanaosafisha pipa: mkungu wa kwanza uwe wao.

Kabla ya kuchimba chochote, shule ifanye jaribio la udongo. Twaa chupa tatu za plastiki za ukubwa mmoja, zikatwe kitako na kugeuzwa, na shingo zifungwe kwa kitambaa. Kila moja itiwe udongo uleule wa mahali patakapopandwa, uliopondwa na kukaushwa, kwa kimo cha sentimeta 15. Ya kwanza imiminiwe maji ya mvua au ya kisima kisicho na chumvi. Ya pili na ya tatu zimiminiwe maji ya kufulia. Kwa muda wa wiki mbili pima kila siku ni dakika ngapi nusu lita moja huchukua kupita. Wiki ya tatu zote zimiminiwe maji ya mvua, ila ya tatu inyunyiziwe kwanza juu yake kijiko kimoja cha jasi iliyosagwa.

Wengi hutazamia kwamba mvua itaiponya ile ya pili. Ikiwa udongo umekwisha kushikwa na sodiamu, huenda kinyume chake kikatokea, na maji yakapita polepole kuliko hapo awali. Kwani chumvi iliyokuwa ndani ya maji ya sabuni yenyewe ilikuwa ikizizuia chembe zisitawanyike, na maji ya mvua hayana chumvi hiyo. Katika chupa ya tatu jasi, ambayo ni salfeti ya kalisiamu, hurudisha kalisiamu mahali pake, na sodiamu huoshwa ikatoka na maji ya chini. Jasi huchimbwa Kilwa, mkoani Lindi humohumo. Ikiwa chupa ya tatu itapitisha maji upesi kuliko ya pili, bustani itahitaji kunyunyiziwa jasi mwezi wa Novemba, kabla ya mvua ya kwanza.